Filamu Iliyomo Ndani ya Faili
Aristotle alitofautisha kilichopo kwa uwezekano tu na kilichopo kwa utimilifu, na tofauti hiyo hujitokeza waziwazi katika anime, yaani katuni za Kijapani, zinazotiwa manukuu na kusambazwa na mashabiki. Mwaka 2011 makundi mengi ya mashabiki hao yalianza kusimba video, yaani kuibana kwa kanuni za hesabu, kwa umbizo la H.264 la biti 10, ambalo huipa kila chaneli ya rangi viwango 1,024 badala ya 256 vya biti 8, hivyo anga la machweo likaacha kukatika mistari mistari. Hata hivyo, chipu za kusimbua katika vifaa vingi zilijua biti 8 tu, na faili iliyong'aa kwenye kompyuta ilitoa huko vipande vya kijani na waridi, au giza tupu. Je, filamu ilikuwamo? Anayejibu kwamba biti zote zilikuwa salama anasema kweli, ila hoja yake inalegea pale baadhi ya makundi yalipotoa pia toleo la biti 8, lenye mfuatano tofauti kabisa wa biti, na watazamaji wa matoleo yote mawili, kwa haki, wakajiona wameitazama filamu ileile.