Karama Haikubaki Ng'ambo ya Mto

Masomo: Matendo 18:1-3, 24-26, Warumi 12:6-8, 1 Petro 4:10



Wengi wetu tulivuka mto Ruzizi mikono mitupu. Nyumba, mashamba, mifugo na vyeti vya shule vilibaki nyuma. Ndiyo maana utamsikia mama aliyeongoza kwaya akisema, "Nitaimba tena siku tutakaporudi." Na mzee aliyekuwa mwalimu wa Neno husema, "Hapa mimi ni mkimbizi tu." Maneno hayo yanatoka katika moyo wenye jeraha. Lakini tuyapime kwa Neno la Mungu.

Akila na Prisila walifukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walipofika Korintho walishona mahema wapate riziki, wakamkaribisha Paulo nyumbani. Baadaye, huko Efeso, walimsikia Apolo, mhubiri hodari aliyejua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamfundisha kwa upole. Klaudio aliwanyang'anya mji, lakini ukarimu na ualimu wao hakuweza kuugusa.

Hata karibu nasi tunaye shahidi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia Uganda Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa. Yeye na mkewe Mera walipanda milima kwa miguu wakaingia Rwanda hii hii. Ugenini aliendelea kuhubiri Injili ya msamaha, akisema kwamba hata Idi Amin anapaswa kusamehewa. Alirudi kwao 1979.

Je, utaitambuaje karama yako? Kwanza, omba. Pili, angalia ni shida gani ya watu isiyokuacha ulale. Tatu, anza na jambo dogo, kisha wasikilize wapendwa: je, wamejengwa? Kanisa ndilo linalothibitisha.

Wala tusidhani karama ni kunena kwa lugha na kuponya tu. Warumi 12 inataja pia kuhudumu, kutia moyo, kutoa na kurehemu. Mama anayempelekea mgonjwa uji ana karama. Kijana anayewasomea wazee Biblia anayo. Vivyo hivyo anayepatanisha majirani waliogombana kwenye bomba la maji.

Wakulima wa mpunga wa bonde hili la Bugarama wanajua: mbegu ikikaa guniani mpaka msimu upite, panya ndio watakaoila. Basi tusingoje kurudi nyumbani, wala kupelekwa nchi ya tatu. Mwenye kuhitaji karama yako leo anaishi mlango wa pili.

Juma hili kila familia ikae pamoja jioni. Kila mmoja amwambie mwenzake karama anayoiona ndani yake, watoto nao wasisahauliwe. Kisha chagueni mtu mmoja wa kumhudumia kabla ya Jumapili.

Mungu awabariki. Amina.