Kodi juu ya kodi: Ni halali, lakini je, ni haki?

Wanaosafiri kwenda Mombasa kwa njia ya Tanga wanaijua Horohoro. Tangu barabara ya Tanga–Horohoro, kilomita 65, iwekwe lami kwa msaada wa Marekani katika mpango wa Changamoto za Milenia (2008–2013), chumba cha kupanga hapo mpakani si kitu cha kukidharau. Madereva, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wote wanataka pa kulala. Hapo ndipo nami nilipojifunza kula kodi juu ya kodi.

Mwaka 2018 nilipanga nyumba nzima ya bibi mmoja mjane, vyumba sita, kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Nikatia milioni moja na laki nne: saruji, choo, umeme. Kisha nikapangisha kila chumba 30,000. Vikijaa napata 180,000, nampa Bibi zake 60,000, mimi nabaki na 120,000. Kabla ya mwaka na nusu gharama zangu zilikuwa zimerudi. Bibi hakuuliza, nami sikumwambia.

Mei 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu malori ya mizigo tu, tena madereva wapimwe kwanza. Vyumba vinne vikabaki vitupu. Nikamwendea Bibi: "Bibi, biashara imekufa, nivumilie." Akanivumilia miezi minne, naye huku anakopa unga dukani. Kisha mjukuu wake alikuja kuulizia chumba, akatajiwa bei, akapiga hesabu na kumpelekea. Bibi aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, palipojaa hukuniambia. Palipopungua ndipo ukanikumbuka?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kosa langu lilikuwa wapi?

Kupangisha ulichopanga si haramu kwa asili yake. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi huku pwani, wanamruhusu mpangaji kupangisha kwa mwingine hata kwa bei ya juu, maadamu ameshakabidhiwa na hakuvunja masharti ya mwenye mali. Mahanafi wamekaza kidogo: ziada ya kodi ya jinsi ile ile aitoe sadaka, isipokuwa ameongeza kitu katika nyumba. Mimi niliongeza choo na umeme. Kwa hiyo kwa rai zote mbili naweza kusema nimesalimika.

Lakini Sheria yetu ina kanuni nyingine, kwamba faida huandamana na dhamana. Anayebeba hasara ndiye mwenye haki ya pato. Kodi ya Bibi ilikuwa 60,000, vyumba vijae visijae. Hiyo ndiyo dhamana niliyoibeba, na ndiyo iliyonihalalishia zile 120,000. Siku nilipomwomba anivumilie huku faida ya miaka miwili iko kwangu, nilimtwisha yeye dhamana na faida nikabaki nayo. Hilo ndilo lililonila moyo, wala si bei ya vyumba.

Wako watakaosema: mwenye shida huombewa muda, na kumpa muda mdaiwa ni jambo jema. Kweli. Lakini muda ni wa aliyeishiwa. Mimi sikuwa nimeishiwa, nilikuwa nalinda akiba yangu.

Wala si Horohoro tu. Majumba yaliyotaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa, yamelalamikiwa miaka mingi kwa mtindo huo huo: mtu analipa kodi ndogo ya Shirika, kisha anamweka mwingine ndani kwa kodi ya soko. Huyo hakuongeza hata msumari, na mwenye nyumba hana habari. Kwenye fremu za maduka nako kuna kilemba, mtu anauza nafasi ambayo si yake. Ukiuliza pato linatoka wapi, utaona linatoka katika kutojua kwa mwenzake.

Basi nawausia wenzangu wa kazi hii mambo matatu. Mwambie mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba utapangisha. Andikeni mkataba na muweke mashahidi, kama Qur'ani inavyotuelekeza katika madeni. Na siku ya hasara, anza kuigusa mifuko yako kabla hujaugusa uvumilivu wa mwenzako.

Deni la Bibi nililipa lote. Tukakaa mbele ya imamu na mashahidi wawili tukaandika upya: kodi 90,000, na vyumba vikiwa vitupu haipungui hata senti. Faida yangu imepungua, lakini sasa nikipita mlangoni kwa Bibi nabisha hodi bila ya kuinamisha kichwa.

Wallahu a'lam.