Je, Mshindani Ni Ndugu? Juu ya Kusoma Pamoja kwa Mtihani wa Kuingia Fakulte ya Sheria

Utangulizi

Kila mwaka, kisha matokeo ya Mtihani wa Serikali kutangazwa, vijana wengi wenye kupata diploma wanakimbilia mlango mmoja: fakulte ya sheria. Wazazi nao wanawasukuma. Nani katika jamaa zetu hajapata neno la shamba, la urithi, ao la mjane aliyefukuzwa nyumbani? Jamaa yenye mtoto avoka inajiona imepata ukuta wa kuegemea. Lakini katika vyuo vikuu ambamo nafasi ni chache, diploma peke yake haitoshi. Kuna tena mtihani wa kuingia. Wanapima Kifaransa cha mtoto, ujuzi wake wa mambo ya inchi na ya dunia, na namna anavyopanga mawazo.

Basi, katika likizo kubwa tunaona vikundi vya vijana wanne ao watano katika kalasi ambayo prefe amewafungulia, nyuma ya parokia, ao nyumbani kwa mmoja wao, usiku, kwa mwangaza wa simu wakati kuran imekatika. Wanaulizana maswali, wanabishana, wanacheka. Ni jambo zuri la kutazama. Hata hivyo, ndani yake mna swali gumu ambalo vijana wenyewe hawapendi kulisema kwa sauti. Yule ninayesoma naye ndiye anayeweza kunikamatia nafasi. Je, ninapashwa kumpa yote ninayojua? Nikimficha kitu, nimemkosea?

1. Mtihani na konkuru

Tutenganishe kwanza vitu viwili. Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka wa 1967, una kipimo chake: mwenye kupata 50 % amepita. Kama kalasi nzima imepata 50 %, kalasi nzima inajimwangia pudra na kuimba barabarani. Mafanikio ya jirani yangu hayanipunguzii hata pointi moja. Pale, kumsaidia ni rahisi.

Konkuru ni kitu kingine. Hapa wanahesabu viti. Tuseme viti ni 100 na watoto waliojiandikisha ni 400. Wa 101 anarudi nyumbani, hata kama amefanya vizuri. Pointi ninayomsaidia mwenzangu kupata inaweza kumpandisha juu yangu. Mezali yetu ya kila siku inasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli, lakini vidole havigombanii kiti. Ndiyo maana hatutaki kulikata neno hili kwa mezali moja tu.

Sisi walimu tunaulizwa mambo haya. Msichana mmoja, mtoto wa mama mwenye kuuza sombe sokoni, alikuwa amepewa na mkubwa wake karatasi za maswali ya miaka iliyopita. Hazikuwa za kuibwa. Zilikuwa za mitihani iliyokwisha kufanywa. Lakini katika kikundi chao hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Akatuuliza: « Mwalimu, nikibaonyesha hizi karatasi, kisha banipite, nani atamurudishia mama feza ya formilere? » Tusimcheke. Mama ule aliuza majani siku nyingi ili kulipa feza hiyo. Mtu akimwambia mtoto « uwe tu na moyo mzuri », hajamjibu bado.

2. Desturi zetu zinasema nini

Wengi watasema kwamba desturi zetu ni za kugawana, basi neno limekwisha. Tutazame vizuri. Katika kazi ya shamba, majirani wanakuja kulima kwako leo, na kesho wewe unaenda kwao. Katika likelemba, kila mmoja anatoa feza, na mmoja kisha mwingine anakamata zote kwa zamu yake. Desturi hizi mbili ni nzuri, lakini zinasimama juu ya zamu: kila mtu atafikiwa. Katika konkuru hakuna zamu. Siku ni moja na orodha ni moja.

Mfano wenye kukaribia zaidi ni Bwami ya Warega. Mtaalamu Daniel Biebuyck, katika kitabu chake Lega Culture cha mwaka wa 1973, alionyesha namna Bwami ilivyokuwa chuo cha hekima na cha tabia. Vyeo vya wanaume vinapanda toka Kongabulumbu mpaka Yananio na Kindi. Katika kila cheo wajuzi wanaonyesha vitu, wanacheza, wanasema mezali, na mwenye kuingizwa anajifunza maana yake. Hakuna aliyepanda peke yake. Alihitaji jamaa ya kukusanya mali pamoja naye, na wajuzi wa kumwongoza. Na mwenye kufikia vyeo vya juu alipashwa kuwa na mke aliyeingizwa pia. Mtu wa ugomvi, mwenye kujipenda, angepata wapi watu wa kumsindikiza? Warega wana tena kamba yao, mutanga, ambamo wanatundika vitu vidogovidogo, kila kitu na mezali yake. Utawala wa Wabelgiji ulikataza Bwami mwaka wa 1948, lakini mezali hazikufa, kwa sababu hazikuwa za kichwa kimoja.

Lakini tuseme ukweli wote: desturi hiyohiyo ilijua kuficha. Wa cheo cha chini hakuonyeshwa vitu vya cheo cha juu. Je, yule msichana anaweza kusema « hata wazee walificha »? Tunafikiri hapana. Wazee walificha kwa kungojea. Kitu kilifungwa mpaka mtu awe tayari, na aliyekuwa tayari alionyeshwa. Kumficha mwenzako ambaye yuko tayari sawa na wewe, juu tu ya kumzuia asifike, ni neno lingine. Kule walikuwa wanalinda ujuzi; huku mtu anajilinda mwenyewe.

3. Jibu la faida, na mahali linapoishia

Kuna jibu la kwanza ambalo tunampa kila mwanafunzi, nalo ni la hesabu. Washindani wako ni wale mamia ambao hujawaona hata siku moja, kupita wale wanne wa kwenye meza yako. Ukificha karatasi, labda umewashinda wanne. Lakini umepoteza vichwa vinne ambavyo vingekusaidia kuwapita mia tatu. Tena, mwenye kueleza njo anafaidika wa kwanza. Mtu anafikiri amefahamu tofauti ya sheria na desturi, mpaka mwenzake amuulize: « Unataka kusema nini hapo? » Hapo anaona kumbe alishika maneno tu.

Jibu hili ni la kweli, na kwa siku nyingi linatosha. Lakini lina mwisho wake. Tuseme wamebaki wawili na kiti kimebaki kimoja. Hapo hesabu inageuka, inashauri kuficha. Kama tulimfundisha mtoto kugawana juu ya faida tu, siku hiyo atatugeukia aseme: « Mwalimu, njo hesabu yako ile. » Basi tunahitaji sababu nyingine.

Sisi tunaiona hivi. Kiti cha fakulte ya sheria kimewekwa juu ya watu ambao hawako katika chumba cha mtihani: mjane, mlimaji anayefukuzwa kwenye shamba lake, kijana aliyefungwa kashoni na dosie yake haijafunguliwa. Hao njo wenye kiti. Wao wanahitaji aingie yule anayefahamu na anayefikiri vizuri. Nikimpita mwenzangu kwa akili na kwa bidii, sijamkosea. Nikimpita kwa karatasi niliyoificha, mtihani haukupima tena akili; ulipima nani ana mkubwa wa kumpa karatasi. Nimemkosea yeye, na nimewakosea wale nitakaowasimamia, kabla hata ya kuvaa ile kanzu nyeusi ya maavoka.

Na feza ya mama? Ni feza ya jasho, hatuidharau. Lakini mama alilipa ili mtoto wake apimwe. Hakulipa ili mtoto wa mama mwingine afungiwe mlango, na katika kikundi kile labda kuna mwingine ambaye mama yake yuko anauza sombe pia. Tuseme wazi tena: mwenye kugawa anaweza kupoteza. Mtu akimwambia kijana kwamba wema unalipwa kila mara, anamdanganya. Yule msichana alizipeleka karatasi kikundini. Hatutasema nani aliingia na nani alibaki, maana alichofanya kilikuwa kimekwisha kuwa haki kabla orodha haijatundikwa ukutani.

4. Sheria haifahamiki na kichwa kimoja

Kuna sababu nyingine, nayo iko ndani ya sheria yenyewe. Tukamate neno la udongo. Mmoja kikundini amesoma sheria ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba udongo ni mali ya Serikali, na hauwezi kuuzwa. Mwingine ametoka Bushi, na nyumbani kwao wanajua kalinzi: mtu alitoa ng'ombe kwa mwenye mamlaka juu ya udongo, na shamba likabaki mkononi mwake na mwa watoto wake. Anauliza: « Sasa baba yangu iko analima udongo ya nani? » Wa kwanza alikuwa na maandiko, wa pili alikuwa na maisha, na hakuna kati yao aliyekuwa na neno lote. Wa tatu anafungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 153: tribinali zinatumia desturi pia, kama desturi hiyo haipingani na utaratibu wa wote wala na tabia njema. Ndipo msichana mmoja anauliza juu ya urithi. Desturi yenye kumnyima binti inaweza kusimama namna gani mbele ya Kodi ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, ambamo watoto wa marehemu wanagawiwa sawasawa?

Katika jioni moja, vijana hao wamefanya kazi ya tribinali. Kila upande umesikiwa. Wazee wetu chini ya mti hawakukata neno bila kusikia pande mbili, na juji wa leo anapashwa kufanya vivyo hivyo. Anayejifungia na kuficha, kisha anataka kuwa mtu wa sheria, anaanza kazi kwa kuivunja desturi yake ya kwanza.

Tukumbuke Marcel Lihau, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kusoma sheria. Wakati wa ukoloni njia hiyo haikufunguliwa kwa mtu mweusi. Wajezuiti walimsaidia kufika Chuo Kikuu cha Louvain, kule Ubelgiji. Mwaka wa 1968 akawa rais wa kwanza wa Cour Suprême ya inchi yetu. Mwaka wa 1975 aliondolewa kazini, kwa sababu alikataa kutekeleza adhabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Mtu huyu aliingia kwa mlango ambao wengine walisukuma pamoja naye. Alipokuwa juu, hakuutumia ukubwa wake kuwaponda wanafunzi.

5. Mipaka ya kugawana

Msomaji atauliza: basi tumbebe hata mvivu? Hapana. Hata katika kulima pamoja, mwenye kuja wakati wa kula tu bila jembe anasemwa. Kikundi kinaweza kupanga sheria yake: kila mmoja atayarishe sura moja na aieleze, na asiyefanya mara tatu atoke. Lakini tusichanganye mvivu na maskini. Mwaka wa 2025, vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, watoto wengi walipoteza masomo, na wengine walikimbia bila kaye hata moja. Mtoto kama huyo akija na masikio yake na maswali yake, ameleta jembe.

Mpaka wa pili ni mlango wa chumba cha mtihani. Vijana wengine wanasema kumwonyesha mwenzako jibu ni umoja: « Iko ndugu yangu, namna gani nimuache? » Lakini vitu hivi viwili havifanani. Jana ulimpa ujuzi, nao unabaki ndani yake. Leo unampa pointi bila ujuzi. Unamtuma mbele ya juji, na mteja nyuma yake, mikono mitupu. Tena unamtoa kwenye orodha mtu mwingine, usiyemjua, aliyefanya kwa haki. Ni vilevile kwa feza ya kununua maswali na kwa simu ya mjomba kwa mkubwa fulani. Aliyeficha karatasi na aliyenunua maswali wanaonekana mbalimbali, lakini wanataka kitu kimoja: mtihani usipime.

Kumalizia

Tulijiuliza kama mshindani ni ndugu. Jibu letu ni kwamba ni ndugu mpaka mlangoni, na ndani ya chumba anabaki ndugu kwa kuachwa afanye kazi yake mwenyewe. Kabla ya mlango tunamdai ukweli wote tunaojua, naye anatudai ule wake. Hatuna deni la kumfanya ashinde, wala yeye hana deni la kutuachia kiti.

Vijana wasingojee kuwa maavoka ndipo waanze haki. Wazazi nao wasimuulize mtoto anayetoka kikundini: « Umebaonyesha nini? » Wamuulize kama amefahamu. Na sisi walimu na maprefe tunaweza kufanya jambo moja dogo lisiloomba feza nyingi: tukusanye maswali ya miaka iliyopita, tuyaweke katika biblioteki ya shule, ao tuyatundike tu ukutani, mahali ambapo mtoto wa avoka na mtoto wa mlimaji watayasoma siku moja. Kwa njia hiyo hatutawaachia watoto peke yao mzigo ambao wakubwa wangeweza kuwapunguzia.