Kiapo cha Askari na Hamu ya Kuwa Mganga



Wako vijana wetu waliohamia Marekani na kuingia katika jeshi la inchi ile, maana hata mgeni mwenye ruhusa ya kukaa huko daima anaweza kuandikwa. Kati yao wako wenye hamu ya kuwa waganga wa hospitali. Hapo ulizo linatokea: mtu aliyekula kiapo, anayelala na kuamka kwa amri ya mwingine, je, ana haki ya kufanya mpango wake mwenyewe? Je, mpango huo si kumwibia bwana wake?

Wengine hujibu upesi: angoje tu, Mungu akitaka atamfungulia mlango. Neno hili lina sura ya imani, lakini mara nyingi ni uvivu uliovaa nguo ya imani. Bwana alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ya kwamba inafaa akae kwanza na kuhesabu gharama. Basi, na sisi tuhesabu.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni shule ya uganga ya majeshi yenyewe, Uniformed Services University, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972. Iko Bethesda, katika jimbo la Maryland. Mwanafunzi halipi karo, tena anapokea mshahara wa ofisa. Tangu mwaka 2014 kuna pia matayarisho ya miezi 24 kwa askari wasio maofisa. Wanabaki jeshini na mshahara wao, lakini kazi yao ni kusoma biolojia, kemia na fizika, na kujitayarisha kwa mtihani wa MCAT, unaodaiwa na karibu kila shule ya uganga kule. Anayeomba nafasi lazima awe na diploma ya iniversite tayari, na wakubwa wake wakubali. Ya pili: sheria ileile ya 1972 ilileta msaada ambao kwao jeshi humlipia mtu masomo katika shule ya raia. Ya tatu ni kumaliza muda wake, kutoka kwa heshima, kisha kusoma kwa msaada wa serikali kwa waliotumika jeshini. Sheria ya mwaka 2008 inatoa hata miezi 36 ya masomo kwa aliyetimiza muda unaotakiwa.

Sasa tuangalie deni. Anayetoka Bethesda anadaiwa miaka 7 ya utumishi, na miaka ya kujizoeza kazi hospitalini haipunguzi deni hilo. Tuseme kijana ana miaka 26 na diploma mkononi. Matayarisho miaka 2, shule ya uganga miaka 4, mazoezi ya hospitali si chini ya miaka 3: amefika miaka 35. Ongeza 7, ana miaka 42. Katika njia ya pili deni ni fupi zaidi. Kwa kawaida ni mwaka mmoja kwa kila mwaka uliolipiwa. Katika njia ya tatu hana deni hilo, lakini hana tena mshahara wa jeshi, na msaada unaweza kwisha mbele ya masomo.

Wapenzi, kupanga hivi si wizi. Kiapo kinafunga mikono na saa za mtu kwa muda ulioandikwa. Hakimkatazi kuwaza siku za mbele. Tena jeshi lenyewe ndilo lililofungua milango hii. Ubaya unaingia mahali pengine, na alama zake ni tatu.

Kwanza, mpango wa gizani. Anayewaficha wakubwa wake atalazimika kusema uongo. Atajifanya mgonjwa apate kusoma, au atafungua kitabu cha kemia wakati wa zamu ya usiku, na wenzake wamelala wakimtegemea. Asiyeweza kulinda usingizi wa mwenzake, atalinda namna gani kitanda cha mgonjwa?

Pili, ahadi ya mdomo tu. Anayetia sahihi ya miaka 7 huku moyoni anatafuta njia ya kutoroka, amesema uongo siku ya kwanza. Ahadi ni deni. Heri achague njia ndefu anayoweza kuilipa kuliko njia nyepesi asiyotaka kuilipa.

Tatu, kupenda jina na kuogopa kazi. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanaamuru majeruhi watunzwe bila ubaguzi, hata adui, na atangulizwe yule ambaye hali yake inadai haraka zaidi. Basi askari anayekuwa mganga habadilishi cheo tu. Yule aliyempiga risasi rafiki yake jana, leo atamfunga kidonda. Gharama hii haiandikwi katika karatasi za shule, lakini ndiyo kubwa kuliko zote. Kijana ajiulize juu yake mbele ya kutia sahihi.

Na ninyi wazazi, msimsukume mtoto kwa sababu mmesikia kwamba masomo ni bure. Mmeona hesabu: analipa kwa miaka ya maisha yake. Wala msimwombe pesa kila juma, kisha mshangae kwamba hapati nafasi ya kusoma. Mwulizeni neno moja: unaweza kumwambia mkubwa wako mpango huu wote, bila kuficha hata kidogo? Akijibu ndiyo, mwombeeni na mmwache aende. Akinyamaza, mshaurini aketi tena na kuhesabu.

Bwana awape vijana wetu akili ya kuhesabu na moyo wa kutimiza. Amina.