Mgeni ana haki ya kuona yote?

Kule Lalibela, katika inchi ya Ethiopia, kuko makanisa 11 ambayo hayakujengwa kwa matofali. Watu walichonga mwamba toka juu kushuka chini, mpaka kanisa nzima ikabaki ndani ya shimo. Kila mwaka waamini wanafika kwa maelfu kusali Noeli. Watalii nao wanafika na mashini ya foto. Wote wanavua viatu mlangoni.

Ndani ya Bete Maryam, ndio kanisa la Maria, kuko nguzo moja iliyofunikwa kitambaa. Mapadri hawakubali ifunuliwe. Sasa tujiulize: msafiri aliyetoka mbali na kulipa tiketi, ana haki ya kudai kitambaa kitolewe?

Wengine watajibu ndiyo, kwani akili inakomaa kwa kuona. Kweli kidogo. Hapa kwetu Ituri, kama wataalamu wasingechimba pango la Matupi miaka ya 1970, hatungejua kama watu waliishi mule tangu zaidi ya miaka 40.000. Tena, siri inayoficha ubaya lazima ifunuliwe.

Lakini kitambaa kile hakimuumizi mtu. Tiketi inalipa mlango, hainunui imani ya wenyeji. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayelazimisha kuona yote anamwacha mwenyeji na kidonda. Siku wageni watafika pale wazee wetu wamelala, tutapenda waishie wapi? Basi kwa wengine, nasi tuishie pale pale.