Kujibu Swali la Siasa Hadharani

Swali la siasa likiulizwa mbele ya watu, anayejibu huwa na wasikilizaji wa aina mbili: aliyeuliza, na umati unaotaka kujua yeye ni wa upande gani. Sigor, mji wa Chepalungu katika kaunti ya Bomet, ni mahali pa namna hiyo. Iwe barazani kwa chifu au mazishini, swali zito kuliko yote katika nchi hii ya majani chai ni la ardhi: mashamba makubwa ya Kericho na Bomet ni mali ya nani?

Ndani ya swali hilo mna maswali matatu. La kwanza ni la historia. Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika sehemu ya ardhi yao, na mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo mmoja wa Wakipsigis, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kuyataja hayo si uchochezi. La pili ni la sheria: ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. La tatu ni la haki, nalo ndilo gumu. Nani arudishiwe, na kwa njia gani? Vipi kuhusu wachumaji wa chai waliotoka kaunti nyingine, ambao watoto wao wamezaliwa mashambani humo? Anayelijibu la tatu kwa uhakika unaostahili la kwanza anawapotosha watu. Anayeficha la kwanza kwa kuogopa la tatu anawanyima ukweli ulio haki yao.

Mara nyingine anayeulizwa ni mtumishi wa Mungu, na wapo wanaoshikilia kwamba yeye anyamaze. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, Yesu aliulizwa kuhusu kodi ya Kaisari, na swali lilikuwa mtego. Hakulikwepa, bali aliomba kwanza aonyeshwe sarafu, na waulizaji wakajikuta wanashiriki katika jambo walilotaka kumnasia. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki Agosti 1990, alikemea unyakuzi wa ardhi waziwazi wakati ambapo kusema kulikuwa hatari.

Lakini kusema pekee hakutoshi. Februari 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, Baraza la Kitaifa la Makanisa nchini Kenya lilikiri kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea upande. Ibara ya 33 ya Katiba hailindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, ila sheria huweka mpaka wa chini tu. Kipimo cha juu zaidi ni hiki: je, jibu lililotolewa Sigor mbele ya Wakipsigis lingetolewa vilevile, bila neno kubadilishwa, mbele ya mchumaji Mkisii au Mluhya?

Kipimo hicho kinafaa hata kwa swali la mashine za kuchuma chai, ambazo baadhi yake ziliteketezwa katika maandamano ya Kericho, Mei 2023. Jibu la haki hutaja kwanza kibarua aliyepoteza riziki yake kwa sababu ya mashine, hutaja pia gharama ambazo kampuni zinalalamikia, na hukataa uchomaji bila kuifuta hasira iliyouzaa. Kisha anayejibu hueleza yeye mwenyewe anaona nini kifanyike, na kukiri kwamba hayo ni maoni yake.