Mstari Alioufuta

Mjini Kalemie, mashariki mwa Kongo, kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mwaka 2013 wizara ya afya pamoja na shirika la Médecins Sans Frontières walianzisha huko kampeni ya chanjo. Chanjo haikuondoa kazi ya ufukweni. Akina mama huchota maji ya Ziwa Tanganyika, na kabla hawajajitwisha bidoni zao, yupo mtu mwenye bomba la sindano anayetia klorini. Kijana mmoja alikuwa mtu huyo kwa misimu miwili ya mvua, mpaka fedha za mradi zikaisha.

Wengi huiita kazi ya ndoo. Wanakosea. Bidoni ya lita 20 ikihitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita, utatia mililita 4 za mchanganyiko wa asilimia 1. Mvua ikileta matope, kipimo hicho hakitoshi tena. Inabidi kupanga ndoo kadhaa, kila moja na dozi yake, kungoja nusu saa, kisha kupima klorini iliyobaki. Ukipunguza, watu wanaharisha. Ukizidisha, wanakataa ladha na kumwaga maji. Kijana aliyajua haya kwa mikono yake.

Basi likatoka tangazo: shirika linatafuta msimamizi wa ubora wa maji. Akaenda sekretaria ya mtaani, pale wanapochapa na kutoa fotokopi, akiwa na flashi yenye CV ya rafiki yake aliyeajiriwa upande wa lojistiki. Alibadili jina, picha na tarehe ya kuzaliwa. Kisha akalisoma tangazo na kuyahamisha maneno yake, moja baada ya jingine, yakawa ndiyo historia yake: kuchora ramani kwa kompyuta, kupanga bajeti, kuongoza timu. Karatasi ilipojaa, akatafuta cha kuondoa. Akafuta mstari wa klorini, kwa sababu aliona haufai kukaa chini ya shahada yake.

Simlaumu kwa kutamani. Filtisaf, kiwanda cha nguo kilicholisha familia nyingi za mji huu, kilishafungwa, na mkataba wa miezi sita katika shirika hulipia karo za watoto wa nyumba zaidi ya moja. Lakini tamaa hiyo ndiyo iliyomfanya atupe kitu pekee ambacho wenzake kwenye foleni hawakuwa nacho.

Aliitwa kwenye mtihani. Swali la ramani aliliacha tupu. Swali la dozi ya maji yenye matope alilijibu lote, na sababu zake akazitaja. Siku ya mahojiano, mama aliyeongoza jopo akamwuliza, "Kaka, hili umelijibu kama mtu aliyelifanya. Ulilifanyia wapi?"

"Pale ziwani, Mama. Misimu miwili."

Mama akafunua karatasi, akarudi nyuma, akafunua tena. "Mbona humu halimo?"

Hakuwa na jibu. Waliokuwa mezani wakatazamana: mtu asiyejua yale aliyoyaandika, na anayejua yale ambayo hakuyaandika, huenda alipewa maswali mapema. Ujuzi wake wa kweli ndio uliomtia doa.

Kuilenga CV kwenye kazi maalumu kunaanza kwa kupigia mstari majukumu ya tangazo, kisha kuuliza kwa kila moja: mimi hili nililifanya lini, wapi, kwa kifaa gani? Lenye jibu lipande juu. Lisilo na jibu lisiingie. Mafunzo ya kompyuta ya wiki moja yaandikwe kuwa ya wiki moja. Na kijana wetu angeandika hivi: "Nilitia klorini katika kituo cha kuchotea maji, nikapima mabaki yake kila zamu, nikarekebisha dozi maji yalipochafuka, nikaweka daftari la vipimo." Msimamizi wa maji akiusoma mstari huo, anajua anaongea na nani.

Baadaye aliurudisha mstari wake kwenye CV. Hapo akagundua kwamba hana hati ya kuuthibitisha: ofisi ya mradi ilikuwa imefungwa, na mkubwa wake wa zamani alikuwa amehamia Bukavu. Aliye na mkataba leo aiombe hati ya kazi ofisi ikiwa bado wazi, yenye cheo, tarehe, majukumu, sahihi na muhuri.